Sanamu Zirudi Ndani

Fortunata anauza magauni Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Siku hiyo alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anachungulia duka la pili. Duka hilo ni la Awadhi, naye anauza magauni. Magauni yaleyale, wateja walewale.

Kati ya maduka yao kuna ujia mwembamba, wenye maduka mengine pia. Awadhi alianza kwa kutoa nje sanamu moja ya kuvalisha nguo. Fortunata akatoa mbili. Awadhi akatoa nne. Wateja wakawa wanapita kiubavuubavu. Wawili hao walitukanana, wakapatanishwa, wakaambiana, "Yaishe." Yaishe gani! Kila mmoja alibaki na kijiba chake cha roho.

Sasa mama yake Fortunata anaumwa huko Rombo. Anamwita. Fortunata anaogopa kufunga duka.

Mwalimu Euphrasia, anayefundisha watu wazima kusoma pale Ilala, alikuja kununua gauni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahangaika hivyo, mwanangu?"

"Mama mgonjwa, na mimi siwezi kwenda. Nikigeuka tu, huyu jirani atajaza ujia wote na wateja wangu atawachukua." Akatoa simu. "Lakini nimemrekodi akiniita tapeli. Video naitunza. Akinianza, nairusha mtandaoni."

"Si mlishapatana?"

"Tulipatana, ndiyo!"

Mwalimu akacheka. "Mnafanya kama nchi. Zinasaini mkataba, huku kila moja imeficha sababu ya vita ijayo. Wanafalsafa waliliona hilo zamani. Walisema hiyo siyo amani. Ni kupumzika tu kabla ya kupigana tena. Nchi moja ikiongeza askari, jirani anaogopa, naye anaongeza. Hakuna anayelala."

"Sasa dawa yake nini?"

"Kwanza, futeni kinyongo. Pili, punguzeni hao askari wenu wa plastiki. Halafu wekeni sheria moja ya ujia mzima, siyo ya ninyi wawili tu. Mkigombana, wenzenu wasimamie. Nchi nazo zinahitaji umoja wa namna hiyo. Na mgeni akija kwa nia njema, apokelewe, asionwe adui."

"Nianze mimi? Akiniona mjinga je?"

"Huenda akakuona. Lakini mama yako anasubiri."

Neno hilo lilimchoma. Fortunata akaenda kwa Awadhi. Akaifuta ile video mbele yake.

Awadhi akaona haya. "Na mimi ninayo yako, dada," akasema. Akaifuta.

Jioni wenye maduka wote wa ujia ule walikutana. Wakakubaliana: sanamu zote zirudi ndani, na atakayevunja sheria ataitwa mbele ya wote.

Kesho yake Fortunata alipanda basi. Hata humo alikuwa anajigeuzageuza kwa wasiwasi. Walipofika Chalinze, simu ikaita. Alikuwa Awadhi. Akapokea haraka.

"Dada Fortunata, mteja wako wa Lubumbashi kaja, kakuta umefunga. Nimempa kiti na chai. Anataka magauni, na mimi ninayo. Lakini ni mteja wako. Nifanyeje?"

Fortunata akacheka kwa furaha.

"Muuzie, jirani," akasema. "Asirudi mikono mitupu."

Akakata simu, akalala usingizi mzito mpaka Korogwe.