Ulimi Chini ya Taa

"Muuguzi, hebu mfukuze huyu paka," alisema Fundi Viatu. "Ananilamba mguu."

Muuguzi aliinama, akachungulia chini ya kiti. Hapakuwa na paka. Chumba cha tiba ya mwanga pale kliniki kilikuwa kidogo, mapazia mazito yamefungwa mchana kutwa, na hata panya asingepita bila kuonekana. Akautazama mguu wa mzee uliolazwa juu ya stuli, taa ya tiba ikikimwagia kidonda mwanga mwekundu, na nywele zikamsimama. Mguu ule haukuwa na hisia. Kisukari kilikuwa kimeutia ganzi kuanzia vidole hadi kifundo. Kidonda chenyewe kilitokana na msumari wa kiatu cha mteja, ambao mzee aliukanyaga akiwa kazini na kutembea nao kutwa nzima, mpaka binti yake alipoona damu sakafuni.

"Unahisi kweli, mzee?"

"Nisihisi vipi? Ulimi wa paka si kama msasa? Basi ndio huo."

Daktari alipoambiwa alifurahi, kisha akakunja uso. Mwanga ule, alieleza, huamsha damu na kusaidia nyama kuota, mradi kidonda kisafishwe, sukari ishuke na mguu usikanyagiwe. Lakini ganzi ya miaka haiondoki ghafla namna hiyo. "Tuone," alisema. Alikuwa amekwisha kumwita binti pembeni na kumwambia kwamba kidonda kisipobadilika, mguu utakatwa.

Kilibadilika. Nyama nyekundu, laini, ikaanza kuota kutoka pembeni, na kila bandeji ilipofunguliwa kidonda kilikuwa kikavu, safi, kama sahani iliyokombwa. Fundi Viatu akarudiwa na utani wake. Mtu wa kutaniana naye alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyekaa kiti cha pili chini ya taa ya pili, mwenye kidonda kidogo kidoleni kilichokuwa karibu kufunga.

"Fundi viatu mzima unaumizwa na kiatu!" Mwalimu alimcheka. "Ni sawa na mimi nife kwa chaki."

"Na wewe je? Kiatu kipya kimekula kidole chako. Ungeniletea nikitanue."

Wakicheka hivyo, wote wawili wamevaa miwani ya giza ya kukinga macho, walionekana kama vipofu wawili wanaoota moto.

Kisha ikaja harufu. Binti aliisikia kwanza nyumbani, mchana, alipokuwa akianika nguo: harufu ya nywele zilizoungua, ikitoka kwenye dirisha la chumba cha baba yake. Akaenda hadi mlangoni. Ndani, mzee alikuwa akikoroma, lakini chini ya mkoromo ule kulikuwa na sauti nyingine, ya majimaji, isiyo na haraka, kama mnyama anayekunywa bakulini. Binti aliposukuma mlango sauti ikakoma. Mguu wa baba yake ulikuwa nje ya shuka, bandeji iko pale pale, na mzee alikuwa akitabasamu usingizini.

Wiki hiyo hiyo kidonda cha Mwalimu kikageuka. Kingo zake zikawa nyeusi. Muuguzi alikiosha kama anavyoviosha vidonda vyote, akabadili dawa, daktari akapima sukari na kuikuta nzuri. Mwalimu aliacha utani. Alikaa chini ya taa ameshika mikono ya kiti, na siku moja alimnong'oneza muuguzi, "Mwanangu, kuna kitu kinaninyonya."

Fundi Viatu alimsikia. Muuguzi alipotoka kwenda kuchukua pamba, na Mwalimu alipopitiwa na usingizi, sauti ikasema kutoka miguuni pa mzee, nzito, kama ya mtu anayeongea chakula kikiwa mdomoni:

"Usitikisike. Nakuponya."

Mzee alinong'ona, "Wewe nani?"

"Mwenye mguu. Wewe uliuhama. Nimekuta nyumba tupu, nimeingia."

"Unataka nini kwangu?"

"Kwako? Kimya tu. Chakula napata kwa jirani."

Kwenye kiti cha pili, Mwalimu akaguna usingizini.

Mzee alirudi nyumbani na jambo hilo limemkwama kooni. Alijiambia ni homa, ni uzee, ni sukari. Kila akiutazama mguu wake unaopona alifikiri juu ya kibanda chake, nyundo yake, wateja wanaomsubiri. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka siku aliyokuta kiti cha pili kitupu, na muuguzi akamwambia kwamba Mwalimu amekatwa kidole na huenda akakatwa mguu.

Jioni hiyo alimwambia binti yake kila kitu. Binti alisikiliza hadi mwisho, akiwa amejishika mashavu.

"Baba," alisema taratibu, "kidonda chako kimebaki kidogo tu. Kwa nini tusinyamaze kikafunga kwanza?"

"Unasikia unachosema, mwanangu?"

"Nasikia. Sina baba mwingine."

"Na mimi sitaki nyama ya mtu mguuni mwangu."

Muuguzi hakuwacheka walipomweleza. Alikuwa na shangazi anayetoa majini, mama mnene mchangamfu ambaye alifika kliniki saa ya chakula cha mchana, wagonjwa wametoka, huku akimtania Fundi kwamba akipona atamshonea viatu vya kuchezea harusini. Alipovuka kizingiti cha chumba cha mwanga utani ukamkatika mdomoni. Akanusa. Akavua viatu.

"Lipo," alisema. "Washeni taa, lijionyeshe. Mzee, mimi nitaliita, lakini wewe ndiye utakayelikataa. Limekupa kitu, nawe umekipokea. Likitoka litaondoka nacho. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Baba..." binti alianza.

"Nimesema nimeelewa."

Shangazi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, mkono juu ya goti la mzee, na mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha umeme ukakatika jengo zima, feni ikapungua kasi na kusimama, na muuguzi akasema "Afadhali" kabla hajatambua kwamba chumba bado ni chekundu, kwamba taa imezimika kabisa na mwanga unatoka kwenye kidonda chenyewe, ukipanda ukutani na kushuka kama kitu kinachopumua, na ndani ya mwanga huo, pale penye unyayo wa mzee, kulikuwa na kichwa kilichoinama, kichwa kisicho na nywele wala masikio, kinachokwenda mbele na nyuma kwa utulivu wa ng'ombe jike anayemlamba ndama wake, na harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa puani hata binti akaziba mdomo wa baba yake kwa kiganja, hakujua anamkinga na harufu ama anamzuia asilitamke neno la kukataa, na mzee akauondoa mkono ule polepole, akaubusu, akasema:

"Sitaki. Toka. Chukua chako."

Kichwa kikainuka. Uso hakikuwa nao, bali mdomo tu.

"Haya," kikasema.

Feni ikaanza kuzunguka. Taa ikawaka. Nyama yote iliyoota ilikuwa imepotea, na kidonda kilikuwa wazi kama siku msumari ulipong'olewa.

Shangazi alikuwa amelowa jasho. "Limetoka kwako," alisema. "Lakini sikuona lilikoelekea."

Walikuwa na matumaini. Muuguzi alikiosha kidonda kwa uangalifu kuliko vyote, binti alipika kwa kipimo, mzee hakuukanyagia mguu hata kwenda uani. Hata hivyo kingo zikawa nyeusi, weusi ukapanda, na hatimaye daktari akaukata mguu chini kidogo ya goti.

Mwalimu alikuja kumwona wodini. Aliingia kwa miguu yake, hana gongo, na viatu alivyovaa vilikuwa vya kufunika.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema, akikaa ukingoni mwa kitanda. "Mwenzio nimepona. Ghafla tu! Daktari mwenyewe haamini."

"Tangu lini?"

"Tangu... si muda mrefu."

Fundi Viatu alimtazama. Alitaka kufurahi, kwa maana hiki ndicho alichokitolea mguu wake. Lakini Mwalimu aliangalia dirisha, akaangalia mkoba wake, akaangalia kila kitu isipokuwa shuka iliyolala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "lilikuambia nini?"

Mtu yeyote angeuliza, kitu gani? Mwalimu hakuuliza. Aliukumbatia mkoba wake kifuani.

"Nina wajukuu," alisema. "Wazazi wao hawapo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwalimu akainuka, akatoka haraka, viatu vyake vikigonga sakafu sawasawa, kulia na kushoto, mpaka mwisho wa ukumbi.

Muuguzi alikuja na sinia lake kubadilisha bandeji ya mguu uliokatwa. Akafungua tabaka la kwanza, akafungua la pili, kisha mikono yake ikasimama.

"Mzee," alinong'ona, "umeanza kuwa mweusi tena."