Su-yin na Mikanda ya Mashine

Kila Jumamosi asubuhi Su-yin alifagia mabaki ya chuma katika karakana ya baba yake, mjini Lukang. Siku hiyo mashine ya kukereza chuma ilikuwa ikichonga ekseli mpya ya gari la ngoma kuu ya hekalu. Maandamano ya Mazu, mungu wa kike wa bahari, yangeanza mchana, na bila ekseli ngoma isingetoka.

Ghafla mashine ikapiga ukelele. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa, kisha pa! Chuma kikaacha kuzunguka. Kati ya mikanda mitatu iliyotoka kwenye mota, mmoja ulikuwa umekatika.

"Niliona umeanza kupasuka, nikajiambia utangoja," Baba alinung'unika. Akabonyeza kitufe cha kuzima, akafungua kifuniko, akapeleka mkono.

"Baba, ngoja! Hujachomoa plagi!"

"Si nimezima? Muda hatuna, binti."

"Wewe mwenyewe uliniambia kuzima hakutoshi!"

Su-yin hakungoja ruhusa. Alikimbia ukutani, akaichomoa plagi na kuishika kwa mikono miwili.

Punde si punde, Bun-hiong, mdogo wake Baba na mpiga ngoma wa hekalu, akaingia mbiombio. "Ala! Mmelala? Watu wananipigia simu mpaka sikio linauma!" Akaona mashine imesimama, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Ta! Kimya.

Vidole vya Baba vilikuwa katikati ya mkanda na puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda. Akavitoa polepole, uso umempauka. Bun-hiong alipoiona plagi mikononi mwa Su-yin, aliondoa mkono haraka kwenye kitufe.

"Kaka, nisamehe. Sikukuona."

"Mshukuru huyu," Baba alisema.

Wakaanza upya, bila papara. Baba alilegeza nati, akaisogeza mota ili mikanda itoke bila kulazimishwa.

"Badilisha huo uliokatika tu," Bun-hiong alishauri. "Hii miwili bado mizima."

"Imeshavutika hiyo. Mkanda mpya utabeba mzigo peke yake, nao utakufa mapema."

Su-yin alifuta mafuta kwenye mifereji ya puli, kisha akaweka rula ndefu kuhakikisha puli zimenyooka. Mikanda mitatu mipya ilipowekwa, Baba aliivuta mota huku Su-yin akiibonyeza mikanda kwa kidole gumba.

"Bado inalegea, Baba. Vuta. Kidogo tena… hapo hapo!"

Baba akakaza nati, wakafunga kifuniko, wakarudisha plagi. Mashine ikanguruma vizuri, na chuma kikaanza kuchongeka laini kama figili.

Mchana gari la ngoma, likiwa na ekseli yake mpya, lilitoka hekaluni huku fataki zikilipuka na watu wakishangilia. Bun-hiong alimpandisha Su-yin garini.

Baba alimshika bega. "Ujuzi ninao, lakini leo haraka ilinizidi nguvu. Kanuni ya usalama haichagui mkubwa wala mdogo. Ukimwona mtu anaivunja, hata akiwa baba yako, sema kama ulivyosema leo."

Bun-hiong akamkabidhi Su-yin fimbo mbili za kupigia ngoma. Su-yin akazinyanyua juu, akaipiga ngoma kwa nguvu zake zote, na mtaa mzima ukaitikia kwa shangwe.