Tupa ya Mkono wa Kushoto

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa ya ghaibu na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na aali zake na sahaba zake. Ama baad. Habari hii ni ya Sleyum bin Harub, fundi wa bunduki, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, aliyerejea Maskati, nchi ya babu zake, pamoja na nduguye Aflah, baada ya yale yaliyowafika watu wa visiwani. Ufundi waliurithi kwa baba yao. Mwaka uliofuata Aflah alikufa kwa homa ya siku moja. Sleyum alimwosha na kumzika kwa mikono yake, na mjane wa marehemu, Rahila, akabaki katika nyumba ya Sleyum na mkewe, huko Wattaya, ukingoni mwa wadi, bonde la mto uliokauka.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Shaabani, miezi kadhaa baada ya maziko. Sleyum alikuwa akikusanya zana zake Rahila alipokuja kusimama mlangoni. Mara mbili alikwisha kumwambia jambo lile, na mara mbili alikemewa.

"Shemegi, jana tena," alinong'ona. "Karibu na magharibi. Nimesikia miguu yake ikija kutoka wadini... kisha risasi ikapita juu ya mapaa... kisha miguu ikarudi mbio."

"Watu wanawinda swala."

"Nnaujua mwendo wa mume wangu."

Sleyum akamkumbusha kuwa mauti ni haki, na kwamba aliyeoshwa haendi kwa miguu. Ama hayo ya mughayyibu, mtu anayeibwa na wachawi, watu wake wakazika mfano wake naye akawa mtumwa wao milimani, ni maneno ya wanawake wanaongoja tanuri lipate moto.

"Mola akuzidishie yakini, shemegi," alisema Rahila, akaingia ndani.

Hakikupita kitambo, akaja mzee asiyetoa salamu. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, haina hata vumbi la njia. Mkononi alishika bunduki ya komeo ya Kiingereza, katika zile zilizobaki kutoka vita vya Wazungu, zinazouzwa kwa masanduku zingali na grisi yake.

"Hainitii tena," alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa haikosi kwa hatua mia mbili. Sasa inapita juu."

"Unalenga nini?"

"Mfugo. Nna mmoja mtoro."

Sleyum aliipokea. Kitako kilinuka kafuri... harufu ya chumba cha kuoshea maiti. Akajisemea kuwa huenda mzee akiitia kuzuia mchwa.

Wakashuka wadini. Sleyum akasimamisha ubao wenye doa jeusi, akahesabu hatua mia mbili, akaulaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga. Akapiga risasi tano, taratibu, akizuia pumzi. Matundu yote matano yalikaa pamoja, kiganja kingeyafunika, lakini dhiraa nzima juu ya doa.

"Mtutu wako ni mkweli," alisema. "Muongo ni jicho."

Alikusudia jicho la mbele, kile kipande kidogo cha chuma kinachosimama mdomoni mwa mtutu ili mtu alengee. Kilikuwa kifupi kuliko desturi. Kilisuguliwa kwa tupa. Jicho la mbele likipungua, risasi hupanda. Aliuliza ni nani aliyelichezea. Mzee akamwashiria atie jingine.

Basi akakigonga kile kipande kikatoka katika mfuo wake, akatia kingine kizima kutoka katika kopo lake la vipuri. Akapiga tatu. Zote tatu ndani ya doa. Ungezifunika kwa kikombe cha kahawa.

"Sasa haikosi," alisema Sleyum. Na, Mola amsamehe, alifurahi.

Mzee aliichukua akaenda zake kuelekea mdomo wa wadi, na mwendo wake haukuwa wa umri wake. Jua lilikuwa limekwisha kuwa manjano.

Sleyum akafungua kiganja ili akitupe kile kipande cha zamani. Mkono ukasita.

Chuma kilikuwa kinang'aa.

Upepo wa chumvi wa nchi ile hukitia kutu chuma kilichosuguliwa kabla hakijatimiza siku mbili. Hiki hakikuwa na doa; aliyekisugua alikisugua tena jana au leo. Na mistari ya tupa ililalia kushoto yote, na juu yake mstari mmoja umekatisha, kama baba yao alivyowafundisha kufunga kazi. Aliyesugua kwa mkono wa kushoto, akafunga kazi hivyo, alikuwa mmoja tu.

Na huyo alikwisha kumzika.

Sleyum akakimbia, akiliita jina la nduguye. Na mbele, katika vivuli vya magenge ya mawe, akasikia miguu inakuja, ya mtu anayekimbia kwenda kwao. Aliijua. Aliijua kama Rahila alivyoijua...

Mlio mmoja.

Haukupita juu ya mapaa.

Yeye na majirani walitafuta kwa mafanusi. Hapakuwa na mzee, wala maiti, wala tone la damu. Palikuwa na nyayo zilizokuja mbio, zikakoma katikati ya mchanga.

Alfajiri, Sleyum alipofungua mlango aende kusali, aliikuta tupa ya Aflah kizingitini, iliyopotea tangu siku ya maziko. Meno yake yalikuwa na unga mpya wa chuma. Nani aliyeileta: aliyefika, au aliyemzuia asifike? Hajui hadi leo.

Rahila aliiokota, akaifunga katika pindo la mtandio wake. "Hatokuja tena," alisema. "Umeinyoosha ile bunduki."

Tangu siku ile watu hulalamika kuwa bunduki zitokazo kwa Sleyum hupiga dhiraa moja juu. Naye huwasikiliza, kisha hurudi kwenye tupa yake.

Nanyi mliosikiliza, Mola awahifadhi na jicho lisilokosa, awarejeshee wenu walio mbali kabla ya jua kuchwa, na awarehemu tuliowazika na tunaodhani tumewazika. Amin.