Chungu cha Ruphin na Kura ya Audace

"Mimi Audace sinunuliki!"

Audace alisema hivyo Jumamosi asubuhi, mashine ya kunyolea mkononi, katika saluni yake mtaa wa Point, mjini Durban, Afrika Kusini. Saluni hiyo ina viti viwili, kioo kimoja kirefu, na mdomo mmoja usiofungwa. Mdomo ni wa Audace mwenyewe.

"Tena nikishika kichwa cha mtu," aliendelea, "najua atampa nani kura, na kwa sababu gani. Kichwa hakinifichi kitu."

"Na mimi je?" aliuliza Jacques, mlinzi wa usiku, aliyekuwa kitini.

"Wewe utamfuata shemeji yako. Inamisha shingo."

Wiki ile kila mtu alikuwa anazungumzia kura. Warundi wa Durban walikuwa wanachagua rais. Si rais wa nchi, hapana. Ni rais wa jumuiya yao: mtu wa kuwasemea, kusimamia misiba, na kusaidia wenye shida. Kwanza ni kura za mchujo. Watu wa Point watachagua mgombea wao mmoja. South Beach wao, na Umbilo wao. Kisha wale watatu watashindana, na mmoja atakuwa rais.

Pale Point walisimama wawili. Wa kwanza ni Ruphin, muuza simu, mwenye kicheko kikubwa na viatu vya kung'aa. Wa pili ni Carmel, fundi cherehani. Huyu akisema, watu husogea karibu ili wamsikie.

Nywele za Jacques hazijafagiliwa, Ruphin akaingia amebeba chungu.

"Papa Lyse! Mtu wa kilima chetu!" alipaza sauti. Lyse ni binti wa Audace, na kilima kwao Burundi ni kama kijiji. "Njoo tunywe!"

Ndani ya chungu mlikuwa na impeke, pombe ya mtama ya kwao Burundi. Watu huizunguka, kila mmoja na mrija wake, wakanywa pamoja. Audace aliinusa. Alikumbuka nyumbani. Akashika mrija.

Chungu kilipofika katikati, Audace alikuwa anapiga makofi. Kilipofika chini, alikuwa amesimama juu ya kiti cha wateja, anaimba, "Ruphin! Ruphin!" Nje, robot, yaani taa ya barabarani, iligeuka kijani, na dereva mmoja wa taxi akasahau kuondoka kwa kumtazama.

"Kura yangu unayo, ndugu yangu!" Audace alisema, akampa mkono.

Kwa hiyo ni kweli, hakununuliwa. Alinyweshwa tu.

Jioni alirudi nyumbani akiwa na furaha. Mkewe Irakoze alikuwa anakunja nguo za mtoto. Mimba yake ilikuwa imekua. Tumbo ndilo lililotangulia kila mlango.

"Mama Lyse, kura yetu ni ya Ruphin," Audace alisema.

"Kura yetu? Yangu umeichukua lini?"

"Nimekunywa naye, chungu kimoja! Kwetu ukinywa na mtu umetoa neno."

"Umekunywa wewe. Mimi na huyu wa tumboni tuna kiu mpaka sasa."

Audace alicheka. Irakoze hakucheka.

"Papa Lyse, unakumbuka kliniki? Nesi alisema na mimi Kizulu, haraka haraka. Mimi nikajibu yebo, yebo, ndiyo, ndiyo. Kumbe alikuwa ananiambia presha yangu inapanda, nirudi kesho yake. Sikurudi. Sasa uchungu ukinishika, nitajibu yebo kwa lipi? Mimi nataka rais atakayenipa mtu wa kunitafsiria. Na wewe Kizulu chako ni cha nywele tu."

Ni kweli, Kizulu chake kilianzia kwenye kisogo na kuishia kwenye ndevu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, Khadeeja Essop. Khadeeja amezaliwa Durban, ila babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili anakijua. Serikali ikiitisha uchaguzi, yeye hufanya kazi kwenye kituo cha kura. Kwa kuwa si Mrundi na hana upande, jumuiya ilimwomba asimamie mchujo wao.

"Nimesikia kila kitu," alisema. "Ukuta wenu mwembamba, na sauti ya Audace nene."

"Karibu, anti Khadeeja," Irakoze alisema. "Mwambie huyu."

"Mimi simwambii mtu amchague nani. Nitamuuliza tu. Audace, kwa nini Ruphin?"

"Tunatoka kilima kimoja."

"Sawa. Kilima kitamsaidiaje Mama Lyse hospitalini?"

Audace alikuna kichwa. "Anacheka vizuri."

"Anacheka vizuri sana. Na nini tena?"

"Eish, anti! Nimekunywa pombe yake!"

Khadeeja alicheka mpaka akashika ukuta ule mwembamba.

"Sikiliza, mwanangu. Nimeona wapiga kura wengi. Mmoja anampenda mgombea kwa sababu ni wa kwao. Mwingine kwa sababu wanasali pamoja. Mwingine anataka tu kuwa upande wa mshindi. Ni sababu za moyo, na moyo si adui. Lakini usiishie hapo. Jiulize: shida yetu nyumbani ni ipi? Huyu amefanya nini kabla hajaomba kura? Atafanya nini, kwa njia gani? Kisha muulize mbele ya watu."

"Na pombe niliyokunywa?"

"Ulisema asante?"

"Nilisema mara nyingi."

"Basi. Kura si malipo ya pombe. Kama bado inakuuma, siku moja mwalike na wewe, anywe chungu chako. Lakini kura ni yako. Siku ile utakuwa peke yako na karatasi. Ruphin hatakuona. Na wewe hutamwona mkeo, kwa hiyo usimpangie."

"Umesikia?" Irakoze alisema.

"Nimesikia. Hata ukuta umesikia."

Jumapili, baada ya ibada, watu wa Point walikusanyika ukumbini kuwasikiliza wagombea. Irakoze alisimama, mkono kiunoni.

"Mwanamke akishikwa na uchungu, na Kizulu hajui, nani atakwenda naye hospitali?"

Ruphin aliruka juu. "Mama, nikiwa rais, hakuna Mrundi atakayelia tena Durban hii!"

Ukumbi ulishangilia. Mikono ya Audace ilianza kupiga makofi kwa mazoea. Kisha ikasimama hewani. Hospitali ilikuwa wapi katika jibu lile?

"Lakini nani atakwenda?" Irakoze aliuliza tena.

"Tutaunda kamati!" alisema Ruphin, akatabasamu.

Carmel aliinuka. Watu walisogea.

"Sisi wachache tunaojua Kizulu tumeshaanza. Nilikwenda hospitali na Nimbona, yule pale." Nimbona, aliyekuwa ananyonyesha nyuma ya ukumbi, aliitikia kwa kichwa. "Nikichaguliwa, nataka tuwe na zamu, na nambari moja ya simu ambayo kila mama anaijua. Siku zote nina mtu, isipokuwa Jumatano. Jumatano sitawadanganya. Bado natafuta."

Wengine walicheka. Mgombea gani anataja asichonacho? Lakini Jacques aliinua mkono.

"Mimi nafanya kazi na Wazulu usiku kucha. Jumatano sina kazi, niko."

Audace alimtazama. Kumbe kichwa kile alikuwa amekinyoa tu, hakukisoma.

Siku ya kura, Khadeeja alimpa karatasi. Audace aliingia nyuma ya pazia. Alikumbuka mrija. Akakumbuka tumbo la Mama Lyse likitangulia mlangoni. Akaweka alama kwa Carmel, akakunja karatasi, akatoka akipumua kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Carmel alishinda mchujo wa Point. Baadaye akawashinda wa South Beach na Umbilo, akawa rais. Zamu ikaanza.

Uchungu wa Irakoze ulikuja siku gani? Jumatano, bila shaka. Alipiga ile nambari, na Jacques akafika mbio hospitali. Alisimama nje ya pazia, uso ukutani kwa aibu, akitafsiri kila neno la nesi kwa sauti kubwa. Nesi alisema presha inapanda tena. Safari hii Irakoze alielewa, akasema kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Daktari akaitwa mara moja. Alizaliwa mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya baba yake. Mama naye alipona.

Wiki chache baadaye, saluni ilijaa. Audace alikuwa ananyoa na kusimulia, mgongo wake mlangoni.

"Mimi tangu siku ya kwanza nilikuwa wa Carmel! Ruphin alileta pombe hapa hapa. Nikamwambia, hapana ndugu, mimi sinunuliki."

Wote walikuwa wanatazama kioo. Audace naye akatazama.

Ndani ya kioo, mlangoni, alisimama Ruphin, mrija mkononi. Alikuwa amealikwa na Audace kunywa chungu cha kumpokea mtoto, na amefika mapema.

Ruphin alivuta kile kiti cha wateja, akakipangusa nywele, akakiweka katikati ya saluni.

"Endelea, Papa Lyse," alisema. "Umefika pale ulipoikataa pombe yangu. Sasa panda, uwaoneshe ulivyoikataa."