Chungu cha Pili

Kila asubuhi kabla ya shule, Martina alikuwa na kazi tatu: kuteka maji kijitoni, kufagia uwanja, na kumpelekea bibi yake uji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Aliishi na wazazi wake na bibi yake mzaa mama katika kijiji cha mlimani, juu ya Matombo. Akimaliza kazi alimpitia rafiki yake Upendo, wakateremka pamoja wakisimuliana habari walizokwisha kusimuliana jana.

Dhoruba ya mwezi wa nne haikupiga hodi. Ilikuja alasiri moja na upepo na mvua ya mawe, ikalaza migomba kijiji kizima. Kwa kina Martina iling'oa mabati mawili ya nyumba na kuliezua lote jiko la nje. Kwa kina Upendo iliangusha kuta tatu kati ya nne. Mama yake Upendo, mjane mwenye watoto watatu, alihamia kwenye banda la kukaushia karafuu.

Baada ya wiki mbili, afisa mtendaji wa kijiji, Bwana Wilfred, alitangaza kwamba serikali ingetoa fedha za dharura kwa kaya zilizokosa mahali pa kulala. Nafasi zilikuwa thelathini. Wazee wanaoishi peke yao wangetangulia.

Siku hiyohiyo Evance, baba yake Martina, alibeba kitanda cha bibi akakiweka ndani ya lile jiko lisilo na paa. Akapanga mafiga matatu pembeni, akaweka chungu cheusi juu yake.

"Wakija waandikishaji, bibi anaishi hapa na anajipikia mwenyewe," alimwambia Martina. "Umesikia?"

"Lakini bibi anakula na sisi, baba."

"Nimekuuliza kama umesikia."

Tuseme kweli, Evance hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, kama ilivyo desturi ya Waluguru wengi, na kwa miaka yote hiyo aliumwa na wazo kwamba wakwe zake wanamhesabu mgeni. Alitaka siku moja aonekane ameleta kitu. Ila tamaa haiulizi mtu imetokea wapi; ikishaingia ndani inajikaribisha yenyewe.

Waandikishaji walifika Jumanne. Mmoja wao, dada aliyeitwa Irene, alikitazama kitanda, akakitazama chungu, akachuchumaa mbele ya Martina.

"Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja," alisema kwa upole. "Jana bibi alikula nini?"

Martina alimtazama bibi yake. Bibi Bernadeta alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya kanga.

"Magimbi," Martina alijibu. "Alipika mwenyewe."

Dada Irene akaandika. Mtu mzima angeulizwa maswali mengine matano. Mtoto aliaminiwa kwa jibu moja.

Alhamisi orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Jina la Bibi Bernadeta lilikuwa miongoni mwa wazee, juu kabisa. Jina la mama yake Upendo lilikuwa la thelathini na moja, chini ya mstari.

"Jumamosi naondoka," Upendo alimwambia Martina walipokuwa wakirudi kutoka shule. "Shangazi amenitafutia kazi za ndani mjini, Kihonda. Mama anasema nikipata mshahara tutanunua mabati."

"Na shule?"

Upendo akaongeza mwendo.

Martina alijua wazi kwamba neno lake moja lingeweza kumzuia rafiki yake asiende. Alijua pia lingemwaibisha baba yake mbele ya wakwe. Ijumaa ikapita akiwa bado anapima. Jumamosi asubuhi Upendo alipanda gari la mizigo, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, akateremka mjini. Martina alisimama kando ya barabara na hakusema kitu. Alijichukia.

Jumapili baada ya misa, mkutano wa kijiji ulikaa ili orodha ithibitishwe. Bwana Wilfred alisoma jina moja moja, na kila baada ya jina aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Alipofika kwa Bibi Bernadeta, watu walitazama chini. Nusu ya kijiji ilijua bibi anakula wapi. Lakini kila mmoja alikuwa na lake la kuficha, na waliokuwa na yao ya kuficha waliona ni uungwana kufichiana.

"Mimi ninalo," Martina alisema.

"Watoto hawasemi hapa," mzee mmoja alikemea.

"Shikamooni. Bibi anakula na sisi. Hata magimbi yale niliyasema mimi, hayakupikwa."

Evance alisimama, akaketi. Ndipo Bibi Bernadeta akajiinua kwa shida.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Futa jina langu, Wilfred. Mwandike yule mjane."

Jina likafutwa. Mama yake Upendo aliandikwa, na fedha zilipofika mwezi wa sita alipandisha kuta, akaezeka. Kisha akateremka Kihonda kumchukua mwanawe.

Upendo alirudi amekonda, mikono imechubuka kwa sabuni. Mtihani wa nusu mwaka ulikuwa umempita. Darasani alihamia dawati la nyuma, na Martina alipomsalimia, hakujibu. Nyumbani nako, Evance alikuwa akizungumza na binti yake kwa kumtuma tu.

Jioni moja Martina alilia barazani. "Nimesema kweli, bibi, na bado kila mtu ananichukia. Upendo ndiye niliyemtetea."

Bibi Bernadeta aliweka chini ndizi aliyokuwa akimenya.

"Ulimtetea Jumapili," alisema. "Yeye aliondoka Jumamosi. Na mimi mtu mzima nilikaa kimya tangu Jumanne, kwa hiyo langu ni kubwa kuliko lako. Sikiliza, mjukuu wangu. Uongo wa mtoto huaminiwa upesi, ndiyo maana wakubwa hupenda kuutuma. Siku nyingine ukitumwa na yeyote, hata na mimi, kataa palepale. Kweli ikichelewa bado ni kweli, lakini inamkuta mtu ameshaumia."

"Na Upendo?"

"Usimdai akusamehe. Hana deni lako la kulipa. Yeye ndiye anayekudai wewe. Msalimie kesho, na keshokutwa, hata asipojibu."

Kesho yake Martina alimsalimia. Upendo hakujibu.