Waya Nne za Seva

Jumanne, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mzee Obeid alifungua chumba cha kompyuta cha Shule ya Upili ya Kijitoni, mjini Faza. Mwalimu Hillary akatangulia kuingia, na papo hapo akapiga ukelele uliowarudisha nyuma watahiniwa kumi na wanane waliokuwa wakimfuata. Seva, ile kompyuta kubwa iliyohifadhi kazi zao zote, ilikuwa imevuliwa ubavu. Diski yake haikuwepo. Waya nne zilizoipa umeme zilikuwa zimekatwa.

Kufuli lilikuwa zima. Madirisha hayakuwa na vioo, ila yalikuwa na nondo ambazo hata paka angepita kwa kujikunja. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao huning'inia shingoni mwa Obeid.

Mwalimu mkuu, Bwana Nicodemus, ni mtu mwema, lakini huwa na haraka zaidi ya kuhukumu kuliko ya kuuliza. Saa mbili kamili aliwapanga uwanjani wanafunzi mia tatu, na mbele yao akamwamuru mzee wa miaka sitini na miwili avue ufunguo shingoni.

"Mwizi tunaye," alisema, kisha akawaita polisi.

Saa mbili u nusu, Huwaida alishuka kwenye pikipiki iliyomtoa Kizingitini, mkoba wa vifaa mgongoni. Ndiye fundi aliyeutandaza mtandao wa shule ile miaka miwili nyuma, na Bwana Nicodemus alimwita akidhani atatengeneza tu seva na kwenda zake. Hakumjua vizuri. Huwaida alikuwa mtu wa kushindana na simu iliyokufa siku tatu mpaka imwambie kwa nini ilikufa.

Koplo Cherotich wa kituo cha polisi alimpokea mlangoni. "Boti ya Lamu inaondoka saa saba, na mshukiwa naondoka naye. Kama uko na kitu cha kunionyesha, ni kabla ya hapo."

Obeid alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani. Mkono wake ulikuwa ukipapasa kifua mahali ulipokuwa ufunguo.

"Bwana Obeid, likizo hii fupi ulikuwa wapi?" Huwaida aliuliza.

"Alhamisi alfajiri nalishika ndia kwenda Pate, mwanangu. Nduyangu kafiwa na mkewe. Tulimzika baada ya adhuhuri, nikakaa mpaka hitima. Nalirudi yana, Jumatatu, saa tisa."

"Na ufunguo?"

"Nalimwatia mwalimu Hillary kabla ya kwenda, alitaka kufanya kazi. Kanirudishia yana saa kumi."

"Ukafungua chumba?"

"Sikufungua. Nalikwenda nyumbani kulala. Hiyo diski siyui hata huwa upande upi." Akainua uso. "Huwaida, mimi nina wajukuu watatu shuleni hapa. Walikuwako pale uwanjani."

Huwaida alihisi hasira ikimpanda, akaimeza. Hasira haina kazi mbele ya kompyuta.

Mwalimu Hillary alikuwa kijana wa Bomet, mwaka wake wa tatu kisiwani. Alijibu maswali akiwa amesimama.

"Jana nilikuwa kwa seva tangu asubuhi. Nimekagua miradi yote kumi na minane, nikasave, nikazima. Saa kumi nikampa mzee ufunguo. Sasa mimi ningejuaje?"

"Miradi inatakiwa lini?"

"Ijumaa saa sita mchana. Bila hiyo, hawa watoto wamefeli kompyuta."

"Lakini kuna nakala. Nilikuandikia ukutani, kila Ijumaa kazi zote zinakiliwe kwenye diski ya akiba."

Hillary aliutazama ukuta kana kwamba maandishi yale yamebandikwa leo. "Ile ya akiba ilijaa. Nilikuwa naagiza nyingine."

Kabla Huwaida hajauliza la pili, Cherotich aliingia na habari mpya. Yunusi, muuza vifaa kuukuu vya simu na kompyuta, alionekana jana saa kumi na moja jioni akipita nyuma ya shule na mfuko mzito. Saa nne kasorobo walikuwa dukani kwake, na kweli, ndani ya mfuko mlikuwa na diski.

"Si nilisema!" Bwana Nicodemus alidakia, ingawa alikuwa amesema jina la mtu mwingine kabisa.

Huwaida aliigeuza diski mkononi. "Hii ni ya kompyuta ya mapajani, ndogo kama kitambulisho. Ya seva ni kubwa kama kitabu. Tena namba niliyoiandika nilipoifunga si hii."

"Haya, mmeridhika?" Yunusi alikuwa amevimba kwa ghadhabu. "Nimeinunua kwa fundi wa Siyu, mwulizeni! Au kuuza vitu vya kale ndio wizi? Basi na marehemu babangu mshikeni, aliuza nyumba ya kale."

Huwaida alimwomba radhi. Kabla ya kutoka aliokota dirishani vipande vya waya alivyoviacha pale Alhamisi asubuhi, alipokuwa akimfungia Yunusi mtandao, akavitia kwenye karatasi. Yunusi alimwambia hata taka zake sasa zimekuwa ushahidi.

Saa nne u nusu alikuwa amepiga magoti mbele ya seva, tochi mdomoni. Waya ya njano, nyekundu, na nyeusi mbili, zote zimekatwa kwa mkasi butu. Upepo wa bahari ulipuliza moja kwa moja kutoka dirishani. Aliziangalia ncha zile kwa muda mrefu. Shaba ilikuwa imefifia, imefanya weusi, na pembeni ukijani ulikuwa umeanza. Alikata ncha za waya mbili, urefu wa kidole, akamwomba Cherotich atie sahihi kwenye karatasi aliyozifungia.

Kisha alifungua ruta, kisanduku kinachozipitisha kompyuta zote za shule kwenye mtandao, akanakili orodha iliyokuwamo. Alipomaliza kuisoma, aliisoma tena.

Saa sita kasorobo walikuwa wote ofisini kwa mwalimu mkuu. Huwaida alitandaza karatasi nyeupe mezani, akaweka vipande vitatu vya waya.

"Hiki nimekikata sasa hivi. Kinang'aa, kweli si kweli?"

"Kweli," alisema Cherotich.

"Hiki nilikikata Alhamisi, kikakaa dirishani kwa Yunusi. Tazameni weusi huu na ukijani. Na hiki cha tatu kimetoka kwenye seva."

Bwana Nicodemus alivaa miwani. Kipande cha pili na cha tatu havikuwa na tofauti.

"Huku kwetu chumvi haimngoji mtu," Huwaida aliendelea. "Shaba iliyokatwa jana usiku ingekuwa bado nyekundu. Waya hizi zina siku tano."

"Kutu si saa," alisema Hillary. Alijaribu kucheka.

"Kutu si saa, mwalimu, umesema kweli. Saa ni ruta." Aliifungua orodha. "Kila kompyuta ina namba yake iliyotoka nayo kiwandani, na ruta huandika namba hiyo inapoingia mtandaoni na inapotoka. Umeme wa jua hapa haujakatika wiki nzima. Seva ilitoka Alhamisi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, haikuingia tena. Kompyuta yako ya mapajani iliingia Ijumaa, Jumamosi na jana. Hiyo miradi kumi na minane jana uliikagua kwenye seva gani?"

Hillary aliinamia orodha, akaitafuta Alhamisi.

"Alhamisi saa tano Bwana Obeid alikuwa Pate, kwenye nyumba ya msiba iliyojaa watu. Ufunguo ulikuwa na nani?"

Hillary alivuta kiti, akaketi.

"Diski iligoma," alisema. "Ilikuwa inalia tik, tik, tik, halafu haisomi kitu. Nikasema niitoe, nijaribu kwa mashine ingine. Plagi ikakataa kutoka, nikakata waya. Imekufa kabisa. Nakala sijawahi kufanya tangu Januari." Alifunika uso. "Watoto kumi na wanane, kwa uvivu wangu! Ningefutwa. Nikaona kama imeibwa, watapewa muda wafanye upya, na mimi nitabaki."

"Na mzee?" Cherotich aliuliza.

"Nilidhani wangemhoji tu, wamwachilie."

"Plagi ilishikwa na chumvi," alisema Huwaida. "Ungeuliza fundi yeyote wa hapa, angekwambia utie tone la spiriti, usubiri. Diski iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya soksi. Cherotich aliileta kwa pikipiki. Huwaida alifungua skrubu sita, akainua kibamba cha chini, kile kinachobeba saketi za diski. Miguso ya shaba inayokiunganisha kibamba hicho na diski ilikuwa nyeusi tititi. Alitoa kifutio cha penseli, akaisugua taratibu, mmoja mmoja, mpaka ikang'aa. Alirudisha skrubu, akaiunganisha diski na kompyuta yake, akaomba Mungu kimoyomoyo.

Diski ilizunguka. Haikulia tik. Saa sita na dakika thelathini na tano, majina kumi na manane yalijipanga kwenye skrini, kila jina na mradi wake. Huwaida alinakili yote mara mbili kabla hajapumua vizuri. Hillary alikuwa akilia waziwazi, wala hakujificha.

"Haikuwa imekufa," Huwaida alimwambia. "Ungeniita Alhamisi, ungeaibika kidogo tu."

Bwana Nicodemus aliusukuma ufunguo mezani kuelekea kwa Obeid. "Mzee wangu, niwie radhi. Nilifanya haraka. Basi, yamekwisha."

Obeid hakuinua mkono.

"Mwalimu mkuu, mimi naliitwa mwizi nde, mbele ya wana mia tatu. Sisafishwi ndani ya chumba."

Bwana Nicodemus aliinuka, akaenda kugonga kengele mwenyewe. Wanafunzi walijipanga uwanjani kwenye jua kali, wakinong'ona. Mwalimu mkuu alisema kosa lake kwa maneno machache, wala hakujitetea. Kisha akampisha Hillary.

"Diski haikuibwa," alisema Hillary, macho chini. "Ni mimi niliyeitoa. Bwana Obeid hana hatia."

Obeid alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kifua mbele.

"Kwa sauti, mwalimu," alisema. "Walio nyuma hawakusikia."