Kahawa ya Kumuaga Mgeni

Asubuhi iliyofuata baada ya filamu kuonyeshwa, Klaudia alikuta kahawa ya kutafuna imelowa. Kikapu cha wageni kilikuwa palepale mezani, nyumbani kwake mtaa wa Kashai, ila punje zilikuwa zimetafunwa, zikatemwa, zikarudishwa humohumo. Zilinuka shombo. Akamgombeza binti yake Immakulata, mtoto wa darasa la tano, naye akaapa kwamba si yeye. Ni yule mgeni, alisema, maana hajaagwa.

Klaudia akakaa chini. Maneno hayo alikuwa ameyaandika mwenyewe. Riwaya yake ilimhusu jini wa ziwani aliyeitwa na msichana mdogo, akapewa kahawa ya kukaribishwa kama mgeni yeyote wa Kihaya, na mwisho akapewa kahawa ya kuagwa, akarudi majini. Hadithi aliipata kwa bibi yake wa Muleba, Ma Gaudiosa, kwa sharti moja: ukisimulia kuita, simulia na kuaga.

Aliyeigeuza riwaya kuwa filamu ni Najibu, na Najibu si mtu baki. Walikua pamoja mtaa wa Bilele. Siku walipokubaliana kuhusu filamu walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akatafuna punje yake, na kwetu huo ni undugu. Immakulata ndiye aliyeigiza yule msichana. Klaudia alipoulizia tukio la kuaga, Najibu alimjibu kwamba walishalirekodi siku Klaudia alipokuwa shuleni akifundisha.

Uongo mtupu! Filamu iliishia jini anapoingia ndani, mlango ukabaki wazi, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Klaudia akamfuata ofisini kwake.

"Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu, dada yangu," Najibu alisema, wala hakusimama. "Kuaga kunapoza. Na akishaondoka, sehemu ya pili nitamtoa wapi?"

"Ungekata chochote, Najibu. Ungemgeuza hata msichana awe mvulana. Mimi nilikuomba kuaga tu."

Akacheka, akamwambia waandishi wote wako hivyo, wanalilia kila ukurasa.

Basi nyumba ikaharibika. Sakafu ilipigwa deki ikakauka, kisha nyayo pana za maji zikaonekana zikielekea chumbani kwa mtoto, na mchana mmoja, mvua ikipiga mabati, Klaudia akasikia chini ya kitanda cha Immakulata mtu akitafuna, taratibu, bila haraka, kama mkwe aliyekaribishwa vizuri, na alipoinama hakuona kitu ila harufu ya samaki iliyompanda puani mpaka machozi yakamtoka, na mtoto pale juu, mikono imekuwa baridi, akamnong'oneza, "Mama, anasema asipoagwa ataondoka na aliyemwita."

Hapo hapakuwa na mjadala tena. Wakaenda Muleba. Ma Gaudiosa alisema kila aliyemkaribisha sharti awepo kumuaga, hivyo Najibu akaitwa. Akaja akilia, akaomba radhi, simu yake imechomoza mfukoni mwa shati.

Jioni wakashuka ziwani. Immakulata akanyoosha kiganja chenye kahawa, akamwambia mgeni kwamba amekula, amelala, aende salama. Kahawa ikatoweka kiganjani. Nyayo zikajichora mchangani moja baada ya nyingine, zikaingia majini, na mtoto akasema ana njaa. Alikula ndizi sahani mbili. Klaudia akamkumbatia Najibu, akamsamehe kwa moyo mweupe. Lo! Kikulacho ki nguoni mwako.

Wiki chache baadaye jirani akamwonyesha trela ya sehemu ya pili kwenye simu. Ufukwe ulikuwa uleule. Nyayo zilitoka majini zikipanda mchangani, moja baada ya nyingine, mpaka kwa Immakulata, na kahawa ikaibuka kiganjani mwake. Najibu aliirekodi ile ibada, akaicheza kinyumenyume.

Klaudia akampigia simu, akamuuliza kwa nini.

"Si ulitaka kuaga kuwemo?" Najibu akasema. "Nimekuwekea."

Simu bado iko sikioni, harufu ya shombo ikaingia sebuleni. Immakulata alisimama mlangoni, maji yakimtiririka miguuni.

"Mama," alisema polepole, "safari hii hataki kahawa."